Matundu Manne

Bango tulilivua wenyewe, Jumatatu,
kwa bisibisi ya fundi viatu wa ghorofa ya chini.
Skrubu nne. Ya mwisho ilikuwa na kutu,
ikagoma kama jino la mtoto.
Sasa limeegemea nyuma ya kabati la majalada,
uso ukutani, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa:
USHAURI WA SHERIA. BURE. KILA ALHAMISI,
kwa lugha sita za chapa
na ya saba tuliyoiongeza kwa kalamu.

Hakuna sheria iliyotukataza, niliseme hilo wazi.
Mheshimiwa alisema tu,
kwenye runinga, kikombe cha chai mkononi,
kwamba wako mawakili wanaouza funguo za nyumba yetu.
Kuuza! Nerys Probert alicheka hadi akakohoa:
miaka kumi na tisa hapa Newport
hajauza hata bahasha.

Jioni ile simu zikaanza.
Kwanza watu wenye majina. Kisha pumzi tupu.
Kisha jiwe, si kubwa, kiasi cha kiazi,
likapita dirishani likatua juu ya meza ya mapokezi
kama mteja aliyewahi foleni.
Iestyn, kijana wetu wa rufaa, aliacha kazi Jumatano.
Mama yake alikuwa ametumiwa picha ya mlango wao,
picha tu, bila neno.
Hatukumlaumu. Kalamu zake bado ziko kikombeni.

Mwenye nyumba ni mtu mwema. Alikuja na keki.
Mimi sina neno nanyi, alisema,
ila bima, ila wapangaji wengine, ila mke wangu.
Keki ilikuwa ya ndimu. Tuliila.
Notisi ilikuwa chini ya sahani.

Mfadhili naye akatuandikia kurasa mbili za pongezi,
nami nikajua kabla sijafika ya pili.
Sifa nyingi namna ile husomwa makaburini.

Zamani, Alhamisi, foleni ilifika hadi duka la chipsi,
watoto wakichora nyuso kwenye ukungu wa vioo.
Leo viti kumi na kimoja, na aliyeketi ni mmoja,
naye amekuja kuuliza choo.
Mheshimiwa angepita sasa hivi angesema:
mnaona? Hawakuwa wahitaji.

Saa kumi na dakika hamsini, Nerys ana mkono mmoja
ndani ya koti, hodi.
Mwanamume, ameloa, barua ndani ya mfuko wa mkate.
Rebwar, alisema, akajigusa kifuani
kana kwamba jina ni kitu cha kuhakikisha kama bado kipo.
Mkalimani akatoka kwenye simu, sauti ya mbali, yenye mafua:
Anasema alipita hapa leo mara tatu.
Jana mara mbili. Jumanne mara moja.
Anasema alikuwa akitafuta bango.
Anasema mwanamke Mvietinamu, mpaka rangi kucha,
ndiye aliyemwambia: mlango mwekundu,
hesabu matundu manne.

Siku kumi na nne za kukata rufaa.
Nerys akazihesabu kwenye kalenda ya ukutani, kwa kidole,
polepole, kama mtu anayepapasa mbavu zilizovunjika.
Kidole kikasimama jana.

Koti likavuliwa.
Fomu ina swali: Sababu za kuchelewa.
Kisanduku chake kina mistari mitatu.
Akaandika: Hakuchelewa yeye, mlango ndio ulio
akaikata. Hakimu hapendi mashairi.
Akaandika upya: Mwombaji hakuweza kuiona ofisi.
Akabonyeza nukta hadi karatasi ikatoboka.

Mimi nilishuka kuazima tena bisibisi.
Fundi viatu alikuwa ameshafunga.
Nikasimama pale mlangoni, mvua ikininyeshea,
kidole changu ndani ya tundu la juu, la kushoto,
kikiwa na kutu.